Mwamba Unaliaje?

Hospitali ya Misheni, Mukumu
14 Januari 2025

Mpendwa Baba Beverly,

Nakuandikia nikiwa nimelalia ubavu wa kushoto, maana hapa hata ubavu unachaguliwa na daktari. Ukiona mwandiko umelewa, si mimi, ni kitanda.

Usiwe na wasiwasi. Wamenilaza nipumzike tu. Mimba ya miezi saba si mchezo, na kupanda na kushuka huko handakini kila siku hakukunisaidia. Mtoto anacheza. Beverly wetu yuko Butere kwa kukhu, bibi yake, na nasikia tayari anakamua ng'ombe vizuri kuliko mimi.

Ninachoogopa ni huko kwenu. Hapa kitandani sina kazi ila kuwaza dari lenu. Nawaza kwamba tangu tuanze kuutoboa ukingo huu wa Nandi ili maji yateremke hadi mjini, mimi ndiye nimekuwa nikiutolea mwamba alama kila mkishalipua: una nguvu gani, umepasuka kiasi gani, nyufa zake zimekaaje, una maji au hauna. Alama zikijumlishwa mwamba unapewa daraja kama mtoto wa shule, na daraja ndilo linalomwambia Injinia Kibiwott aweke nini juu ya vichwa vyenu. Daraja la nne, matao ya chuma. Daraja la tatu, bolti na saruji ya kupulizia, basi. Mimi naandika nambari na wewe unafanya kazi chini yake. Mama yako alisema mke mwanajiolojia na mume fomeni mahali pamoja watagombana. Hatujagombana bado, ila sasa nambari zinaandikwa na Clifford, ambaye ni mtu wa barabara, hajawahi kukaa chini ya ardhi, na anaona haya kuuliza. Karatasi zake zinaletwa hapa nizikague na kutia sahihi.

Kwa hiyo nataka macho yako. Najua simu zenu zinafungiwa getini kwa sababu ya viwashio vya baruti, na mimi mwenyewe niliiunga mkono sheria hiyo, sasa inaniuma. Ya ofisini nayo ukiishika, kambi nzima inasikiliza. Wangila akileta lori kuchukua chakula chenu sokoni atapita hapa, awe posta wetu.

Na kabla vijana hawajaingia, gonga dari kwa mtarimbo. Unakumbuka nilivyokufundisha: jiwe zima linalia kama kengele ya misheni, jiwe lililoachana na wenzake linajibu kama boga. Likijibu kama boga, toka. Usingoje kuniuliza.

Wako,
Jael


Kambini
17 Januari 2025

Mama Beverly,

Barua yako ilifika ikinuka dagaa, maana Wangila aliitia kwenye gunia la chakula. Vijana wamenicheka sana, eti fomeni anaandikiwa barua kama mwanafunzi wa bweni. Osiako, yule wangu wa kutoboa, akasema, "Fomeni, soma na sauti, hata sisi tunapendanga kupendwa." Sikuisoma na sauti.

Nimefurahi kwamba ni kupumzika tu. Mama ameniletea ujumbe kupitia kwa Wangila, mara mbili, kwamba daktari hataki uambiwe habari za kukushtua, kana kwamba mimi ni mtu wa kushtua watu. Basi sina habari za kushtua. Tunakula obusuma, ugali wetu, na sukuma wiki, na Jumapili tulichinjiwa ingokho mmoja kwa watu wote, kila mtu akapata mchuzi uliomfahamu kuku kwa mbali.

Kuhusu mwamba, tulale usingizi. Ule mkanda wa udongo uliokuwa unakunyima raha tumeuvuka, sasa tuko ndani ya itale yenyewe, nyeusi na nyeupe kama ulivyosema tutaikuta. Kila pahali unagusa, unalia. Osiako anasema tangu azaliwe hajaona mwamba kama huu.

Kitu kimoja tu, nitumie soksi. Nzito. Zile nilizokuja nazo zimechoka. Na mguse huyo mtoto mara moja kwa niaba yangu.

Ni mimi,
Willis


Mukumu
20 Januari 2025

Baba Beverly,

Nimeisoma barua yako mpaka mwenzangu wa kitanda cha pili akaniuliza ni barua ya posa au nini. Unalia! Kila pahali! Hujui umenitua mzigo gani. Karatasi ilifika na madoa ya maji nusu nzima, wino umetembea, na siku hizi hakuna hata wingu la kusingizia. Ni machozi ya kunikosa au ni huo mchuzi wa kuku? Usijibu, niache na machozi.

Utaona mabadiliko huko hivi karibuni. Injinia atawasomea. Usishangae, ni kazi yangu, nimeifanya nikiwa nimelalia ubavu. Najua umechoka kubeba vile vyuma.

Soksi nimetuma jozi moja, Wangila amenunua sokoni. Za kijani, usilalamike.

Hapa mambo ni yale yale. Wananipima, wananilisha, wananikataza kuinuka. Jana walinikataza hata kwenda bafuni, wakaleta beseni. Ni uangalifu wao tu. Mtoto anacheza, ingawa leo amepunguza, labda naye amepata usingizi baada ya barua yako.

Wako,
Jael


Kambini
23 Januari 2025

Mama Beverly,

Injinia alitukusanya akatusomea karatasi yenye sahihi yako. Daraja la tatu. Matao yasitishwe, tuendelee kwa bolti na saruji. Vijana walipiga makofi, maana lile tao likikaa begani huwezi kulisahau wiki nzima. Mimi nilishtuka kidogo, sitakudanganya. Kisha nikasema, Willis, wewe ulisoma wapi? Kama mwanajiolojia amesema, na Clifford yuko hapa kila siku na karatasi zake, wao wameona kitu ambacho wewe na mtarimbo wako hamuoni. Basi tumeendelea. Tangu jana tumekwenda mbele sana, hakuna chuma hata kimoja.

Osiako peke yake ndiye hakupiga makofi. Alisema, "Fomeni, hii mawe inalianga kama mama wa matanga, na nyinyi munatoa nguzo?" Nikamwambia mwanajiolojia wetu ameshasikia kilio na ametoa alama. Akanitazama, akarudi kutoboa. Siku hizi haimbi akitoboa.

Nitumie soksi tena. Za kijani zilifaa siku moja. Hata za mzee wako kama atakubali, mradi ni za sufu. Na usiwaze sana, lala.

Ni mimi,
Willis


Mukumu
24 Januari 2025

Kwa Injinia Kibiwott,

Injinia, nimeipiga simu ya ofisini mpaka mkono umekufa ganzi, inaita tu. Nadhani nyote mko ndani. Namtuma Wangila na hii na nimemwambia asishushe hata kitunguu kabla hajaitia mkononi mwako.

Nafuta sahihi yangu kwenye karatasi ya daraja la tatu. TOA WATU kutoka sehemu yote isiyo na matao. Toa watu kwanza, halafu soma hayo mengine.

Karatasi ya Clifford ilikuja na kisanduku cha maji kitupu. Aliandika pembeni kwamba maji ya mashine za kutoboa yamelowesha kila kitu, hajui ni yapi ya mashine na yapi ya mlima. Ningemrudishia. Sikumrudishia. Nilikuwa na barua ya mume wangu inayosema mwamba unalia kila pahali, nikaielewa kwamba wanagonga na unajibu vizuri, mzima na mkavu. Nikaupa alama zote za ukavu, jumla ikawa arobaini na tisa, daraja la tatu. Sasa naamini alisema unalia machozi. Mwamba unaovuja hupata alama nne tu za maji, na jumla inashuka hadi thelathini na nane. Hilo ni daraja la nne, Injinia. Matao hayakupaswa kusitishwa hata siku moja. Na maji hayo, wakati huu wa kiangazi, yanatoka msituni juu kupitia nyufa, yanaosha udongo uliozishika.

Sina la kujitetea. Watoe.

Jael Navalayo
Mwanajiolojia


Mukumu
24 Januari 2025

Willis,

Soksi.

Mtu aliye kwenye mwamba mkavu, kiangazi hiki, ndani ya gambuti, anataka soksi za nini? Nilicheka nikanunua za kijani. Niliona madoa kwenye karatasi nikakutania. Hata Osiako alipotaja mama wa matanga nilisoma nikapita, nikafika kwenye soksi za pili ndipo nikaelewa, nikashika simu.

Mwamba unaliaje? Nijibu kwa neno moja. Unalia kama kengele au unalia kama mtu?

Usinijibu. Toka kwanza. Nijibu ukiwa nje, umeketi kwenye jua, na Injinia awe amekuona. Nakuomba kwa jina la Beverly. Ukiikuta hii mkononi mwa Wangila na bado hujatoka, iachie chini ukimbie.

Jael


Ofisi ya handaki
25 Januari 2025

Dada Jael,

Nimekupigia. Muuguzi alishika simu akasema amekunyang'anya kwa amri ya daktari na hataruhusu sauti yoyote ikufikie, ila karatasi ataitazama kwanza. Nimemwomba asiizuie hii. Muuguzi, kama unaisoma, tafadhali mpe, sina mwingine wa kumuuliza.

Wangila alifika na barua yako nikiwa natoka mdomoni mwa handaki. Niliisoma nimesimama. Nilipiga king'ora. Vijana wengi walitoka mbio. Wa mwisho walipokuwa wakitoka tulisikia mlio, kisha upepo ukatusukuma nje, kisha vumbi. Dari limeanguka pale yalipoishia matao. Walio nyuma ya kifusi ni watatu: Osiako, Philip na mumeo. Philip ndiye alikuwa mbele kabisa na mashine, hakusikia king'ora. Willis alikwishafika nje, akarudi kumwita, na Osiako akamfuata.

Sasa la kukupa nguvu. Bomba la hewa limepona chini ya kifusi. Tulipolikata upande wetu tulisikia linagongwa kutoka ndani. Wamefungua upande wao, wanapata hewa, na tumesukuma waya mrefu ukapita. Karatasi iliyokunjwa inapita pia.

Nataka kuwafikia kwa kutoboa kijia chembamba kandokando ya kifusi. Upande gani, sijui. Nikikosea upande, nitawaangushia kilichobaki. Clifford amekaa chini analia, siwezi kumlaumu. Wewe ndiye unayeujua mlima huu. Najua uliko na najua unachobeba. Nisamehe kwa kukuuliza.

Kibiwott


Mukumu
25 Januari 2025

Kwa Willis, kupitia bombani

Niache niwe mwanajiolojia kwanza, nitakuwa mke mwishoni kabisa mwa karatasi.

Tazama kuta kwa taa moja, zima nyingine. Geukia mlangoni, uwe unawatazama wanaokuja kuwatoa. Niambie ni mkono gani una maji na mkono gani hauna. Maji yanadondoka au yanatiririka, safi au ya matope? Gonga kila upande kwa mtarimbo, polepole, kuanzia chini. Nyufa zinaelekea wapi? Andika kana kwamba humpendi anayesoma. Ukiona ni pabaya sema ni pabaya. Neno lolote lenye maana mbili lifute, andika jingine.

Sasa mke. Wewe ulinificha na mimi nilikuficha. Sikulazwa kupumzika. Natoka damu tangu Krismasi, na beseni lile lililetwa kwa sababu nikisimama inaongezeka. Nilikuandikia mtoto anacheza siku ambazo nilikuwa nimeweka kiganja tumboni asubuhi nzima nikingoja hata teke moja. Wazee walisema mficha maradhi, kilio humfichua, na sisi wawili tulificha kila mtu ya kwake, sasa tazama kilio kilivyotukuta.

Naogopa, Willis. Sijawahi kuogopa hivi. Andika.

Jael


Ndani
(siku sijui, saa yangu imepasuka)

Mwanajiolojia wangu,

Nakujibu ulivyouliza, nyuma ya karatasi yako mwenyewe.

Nimegeukia mlangoni. Mkono wangu wa kushoto ni pabaya. Maji yanatiririka, mekundu, ya matope, na vijiwe vinashuka navyo. Nimegonga mara moja tu, likajibu kama boga, sikurudia. Mkono wangu wa kulia ni pakavu. Kulia hapa nasema mkono wa kulia chakula, ule ulioshika kalamu hii. Nimeugonga kuanzia chini hadi nilipofika. Unalia kama kengele. Kisha nikampa Philip mtarimbo nikafumba macho nisikilize yeye akigonga, kwa sababu masikio yangu siyaamini tena. Na yeye pia, kengele. Nyufa zote zinalalia kushoto, yaani zinainama kutoka pakavu kwenda palipo na maji.

Hayo ndiyo uliyouliza. Sasa mengine.

Nilijua. Siku ile naandika kwamba unalia kila pahali, maji yalikuwa yananiingia shingoni. Nilitafuta neno lisilo uongo ambalo lingekuacha ulale, na nilipolipata nikajisifu, nikajiona mjanja wa Kiswahili. Nilimwandikia mke wangu mgonjwa, kumbe atakayesoma ni mwanajiolojia. Sikujua una kisanduku kitupu, Injinia ndiye ameniandikia sasa. Na ulipoyasitisha matao nikadhani Clifford amekwambia maji yote na bado umeona ni salama. Ningeuliza swali moja tu. Niliona aibu kumuuliza mke wangu mbele ya vijana kama ana hakika.

Umesema nisifiche. Osiako hayuko tena. Jiwe lilimbana kiunoni na hatukuweza kulisogeza, mimi na Philip tulijaribu mpaka mtarimbo mmoja ukapinda. Aliongea sana. Aliuliza kama Butali wameanza kukata miwa. Akaniambia, "Fomeni, usilianga, utamaliza hewa." Kisha akanyamaza. Nimemfunika koti langu. Mkewe anaitwa Maurine, yuko Butali, usimwache aambiwe na mtu wa ofisi.

Maji yamefika kwenye kifundo cha mguu. Soksi zako za kijani ninazo.

Kuhusu damu, nimekusikia. Sina hasira. Nina hofu tu, imejaa humu ndani kuliko maji. Kama mmoja wetu lazima asikilize hofu yake sasa, basi iwe mimi, wewe sikiliza mwamba.

Willis


Mukumu
26 Januari 2025

Injinia,

Toboeni kwa mkono wenu wa KUSHOTO mkitazama ndani. Kulia kwake ni kushoto kwenu, yeye anawatazama nyinyi. Kila kijana kabla ya kushika chombo aonyeshe kwa kidole upande wenyewe na wewe uwe umesimama hapo unaona. Huu si wakati wa kila mtu kuwa na kushoto kwake.

Upande huo nimeupa daraja la tatu, na safari hii kisanduku cha maji nimekijaza kutoka kwa mtu aliyeugusa na akasema kwa maneno mengine. Upande wenu wa kulia ni daraja la tano, msiukaribie, msiegemeze hata ngazi. Nyufa zinainama kwenda huko, kwa hiyo kitakachotaka kuanguka kitaanguka huko. Hata hivyo msiamini daraja langu. Wekeni matao kana kwamba ni la tano, kila mkiingia hatua moja, tao moja. Baruti hata chembe. Mtoboe kwa mikono na mashine ndogo.

Maji yanapanda, kwa hiyo haraka, lakini haraka ya mtu anayebeba mayai.

Naandika haya kwa neno la mtu mmoja ambaye neno lake liliniponza juzi, nami nikamponza yeye. Naliamini. Yakienda vibaya, sahihi ni hii hapa.

Nimemtuma dada yangu kwa Maurine wa Osiako. Uchungu umenianza, mapema mno. Usimwambie Willis.

La. Mwambie. Tumemalizana na kufichana.

Jael Navalayo


Mukumu
27 Januari 2025

Baba Beverly,

Injinia amesema mmesogea hadi jiwe la juu na kwamba bado mnagonga bomba. Nimeambiwa nisiandike, nimeandika.

Amezaliwa leo asubuhi. Ni msichana. Alitoka akiwa rangi ya bluu, mdogo kama sungura, na hakulia. Mimi ambaye kazi yangu ni kusikiliza mawe, sijawahi kusikiliza kitu kama nilivyosikiliza kile kimya. Walimsugua mgongo, wakampulizia, muuguzi mmoja akaanza kuomba chini kwa chini. Nikasema lia. Lia vyovyote unavyotaka, kama kengele, kama mama wa matanga, kama dari linalovuja, wewe lia tu, nitakupa alama zote. Nilikuwa napiga kelele, wananishika mabega.

Kisha ikatoka sauti kama ya mlango usiotiwa mafuta. Muuguzi aliyemshika akageuka akasema kwa nguvu, "Amelia!"

Sasa nyuma yake alikuwako mwenzake mwenye kalamu, anajaza kadi, naye alikuwa ameuliza muda mfupi kabla kama mtoto ana jina. Akaandika alichosikia. Nimeiona kadi baadaye, imeandikwa vizuri kabisa, Amelia, na nyuma yake jina lako, Osundwa. Akaomba radhi, akataka kuifuta. Nikamwambia aiache hivyo. Jina la kurithi la mababu mama yako atalichagua kwa utaratibu wake, hili lije mbele.

Yuko kwenye joto, chini ya taa. Nimemuuliza daktari, nimemwambia aseme kwa maneno yasiyo na mlango wa nyuma. Amesema anapumua mwenyewe, kwamba ni mdogo mno, na kwamba siku hizi za kwanza ni za kuogopa. Basi naogopa. Nimeshazoea kuwaogopea wawili, siwezi kupunguza hata mmoja.

Maurine amekuja hapa. Alikaa kwenye kiti. Hakuniuliza lolote kuhusu karatasi, nikamwambia tu ukweli wote, kuanzia kisanduku kile. Alinisikiliza hadi mwisho, akaenda kumtazama mtoto kupitia kioo. Sijui kama atanisamehe. Sikumwomba, ilikuwa mapema.

Nijibu. Neno moja linatosha, gonga tu bomba waniletee habari kwamba umegonga.

Jael


Ndani

Mama Amelia,

Barua yako nimeisoma kwa taa ya Philip, yangu imekufa. Nilimsomea na yeye, na sauti, yote. Kisha nikamsomea Osiako pale alipobanwa, kwa sababu yeye ndiye aliyetaka barua zako zisomwe na sauti.

Maji yamefika magotini. Naogopa, nakuambia wazi. Nimeweka kiganja ukutani, upande wa kulia, mkono wa kalamu. Kwanza nilidhani ni moyo wangu. Philip akasema ni mwangwi. Sasa hata yeye anasema ni nyundo. Imekaribia kiasi kwamba nasikia Injinia akihesabu matao, na vumbi linaanza kuchuruzika kwenye tundu dogo, na katika tundu hilo kuna kitu cheupe, sijui kama ni taa yao au ni macho yangu.

Karatasi imebaki kona hii tu. Hii siitii bombani, nitaileta mwenyewe. Wakishalinyanyua lile jiwe, Osiako atatoka kwanza, tumekubaliana na Philip.

Nikifika hapo na matope yangu wasinizuie mlangoni. Nitasimama nje ya kioo. Kama amelala, tafadhali mwamshe, alie kidogo.

Willis